Alama ya Blanketi

Blanketi lenyewe lilikuwa la kijivu, lilinuka mafuta ya taa, na ukilivuta kidogo tu lilikuachia manyoya mkononi. Kwa ajili ya blanketi la namna hiyo Dainess alimfanya mtoto wa watu kuwa yatima. Hakukusudia. Siku ile alirudi nyumbani kwake Ujiji akijiona mtu mwema, akala ugali kwa samaki wa mgebuka, akashiba, akalala fofofo. Baadaye kila alipoukumbuka usingizi ule, aliuonea aibu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, miezi ile maboti kutoka Burundi yalipokuwa yakifika ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, yamesheheni watu hadi maji yanachungulia ukingoni. Dainess alikuwa mkalimani wa Shirika la Kesho ya Mtoto. Kazi aliipata kwa kuwa ni Muha, na Muha na Mrundi wakikaa pamoja hawahitaji mtu wa kati. Alikaa chini ya turubai, akauliza, akasikiliza, akajaza fomu.

Utaratibu wa mablanketi ulikuwa hivi. Familia haikupewa chochote mpaka mkuu wa kaya apate kadi ya chakula, na kadi ilichukua siku tatu, siku nne, mashine ikigoma hata wiki. Lakini mtoto asiye na mtu alipewa blanketi na kikombe cha uji hapo hapo. Kwenye fomu kulikuwa na kiboksi kidogo kilichoandikwa: Hana mzazi wala mlezi. Ukikitia alama, mtoto analala na joto. Makarani wote waliujua ujanja huo. Mtoto anatetemeka, mama yake yupo pembeni amekodoa macho, unatia alama, mtoto anafunikwa. Kadi ya mama ikitoka, fomu inarudi mezani, alama inafutwa, basi. Aliyebuni mpango wa kumtunza mtoto kwa sharti kwamba hana mama alikuwa amekaa mbali sana na Kibirizi, na bila shaka siku hiyo alikuwa amevaa sweta.

Kaneza alikuwa na miaka sita. Alishuka botini amelowa hadi kichwani, na mama yake alishushwa kwa machela, kipindupindu kimemkausha hata hawezi kufumba mdomo. Machela ikaenda kwenye hema la wagonjwa, mtoto akabaki mbele ya meza. Dainess aliiona midomo yake imekuwa ya bluu. Hakufikiri mara mbili. Akatia alama.

Mama yule, Spesiosa, alilazwa hemani wiki tatu. Katika wiki tatu hizo fomu ya mwanawe ilitoka mezani, ikaingia kwenye faili, faili likapanda gari hadi nyumba ya watoto Buzebazeba, nyumba ya kupanga yenye geti la bluu. Mtoto naye akafuata faili.

Spesiosa alipotoka hemani alikwenda ofisini moja kwa moja, kitenge kimoja mwilini, mkononi bado ana kikaratasi cha wagonjwa. Aliyempokea alikuwa Sia, ofisa wa ulinzi wa watoto, mwanamke wa Machame aliyeletwa Kigoma na kazi. Dainess akakaa katikati kutafsiri.

"Mwambie anipe majina," alisema Sia.

Mtoto: Kaneza. Baba, aliyeuawa kabla hawajafika ziwani: Ngendakumana. Mama: Nahimana, Spesiosa Nahimana. Sia akaweka kalamu chini.

"Watu watatu, koo tatu. Mtoto hana jina la baba, hana jina la mama. Sasa mimi nitajuaje kwamba ni wake?"

"Madamu, Warundi ndivyo walivyo," alisema Dainess. "Kila mtoto anazaliwa anapewa jina lake mwenyewe. Halirithiwi. Hata sisi Waha ilikuwa hivyo hivyo. Bibi yangu alizaa watoto saba, majina saba, na hakuna aliyepotea."

"Kwetu Machame mtoto wa ukoo wa Mmari ni Mmari hata umpeleke mwezini. Na fomu imeandikwa wazi: jina la ukoo lilingane."

Hapo Dainess akasema alilokuwa amelificha. Akaeleza habari ya kiboksi, habari ya blanketi, na jinsi alivyomwona mama akibebwa na bado akaandika kwamba mtoto hana mtu. Sia alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo uliandika uongo."

"Niliandika, madamu."

"Sasa wewe uliyenidanganya mara ya kwanza kwa maandishi, unataka nikuamini mara ya pili kwa mdomo?"

Ubaya wa Sia ulikuwa kwamba hakuwa mbaya. Mwaka uliotangulia alimkabidhi msichana wa miaka tisa kwa mwanamke aliyelia sana na kujiita shangazi. Miezi minne baadaye walimkuta msichana Ilagala, anaanika dagaa tangu alfajiri, vidole vimechubuka, shangazi hajulikani alikokwenda. Tangu hapo Sia aliapa kwamba machozi hayatampumbaza tena. Akashika utaratibu kama mtu aliyeshika kamba ya kisima, na hakuna aliyeweza kumwachisha.

"Muulize mtoto, basi," alisema Dainess. "Waweke pamoja uone."

"Hairuhusiwi. Mdai haonani na mtoto kabla ya uhakiki. Anaweza kumfundisha cha kusema."

"Uhakiki unachukua muda gani?"

"Miezi miwili."

"Na watoto wanaondoka Ijumaa!"

Sia akafunga faili. Ilikuwa kweli. Watoto kumi wa Buzebazeba walikuwa wamekatiwa tiketi za treni ya Ijumaa, wanapelekwa kituo cha kudumu mkoa mwingine, siku mbili reli na lori. Spesiosa naye alikuwa kwenye orodha ya lori la Alhamisi kwenda kambini Kasulu, na mkimbizi akishaingia kambini hatoki bila kibali. Dainess alimgeukia mama yule kumtafsiria, akakuta hana haja. Spesiosa alikuwa ameelewa kila kitu kwa kuitazama mikono ya Sia ikifunga lile faili.

"Umwana wanje," alisema polepole: mwanangu.

Kuanzia kesho yake alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la bluu, asubuhi hadi jioni. Mlinzi, mzee Pastory, alitakiwa amfukuze. Alimpelekea maji.

Ndani ya geti kulikuwa na shamrashamra. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumatano, na Bwana Urbanus, mkuu wa ofisi, alitaka watoto wawasomee Haki za Mtoto: watoto kumi, vifungu kumi, kila mmoja na chake. Dainess ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha. Watoto hawakujua Kiswahili, hivyo walikariri sauti tu. Bukuru, msichana mwenye pengo la meno, alipewa kifungu cha saba, haki ya kuwa na jina. Gelasi, mdogo kuliko wote, wa miaka minne, alipewa haki ya kucheza, na aliisema akiwa ameganda kama askari. Kaneza alipewa kifungu cha tisa.

Dainess alipokisoma kwenye karatasi alidhani macho yanamchezea. Akakisoma tena. Akaenda nacho hadi mezani kwa Urbanus.

"Bosi, hiki nani amekichagua?"

"Nimevipanga mwenyewe. Kuna tatizo?"

"Mtoto huyu mama yake yuko nje ya geti. Ukisimama kwenye ile ngazi unamwona."

Urbanus alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Dada Dainess, kuna idara ya uhakiki, na kuna idara ya mawasiliano. Hii ni mawasiliano. Tusichanganye mambo."

Alitoka pale hasira imemjaa hadi masikioni. Akamfundisha mtoto. Ndiyo, akamfundisha, neno kwa neno, na Kaneza alikuwa mwepesi, alikishika kwa siku moja. Kila aliporudia, Dainess alijichukia zaidi.

Jumatano ikafika. Turubai jipya lilitandwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, soda zikawekwa kwenye barafu. Watoto walivalishwa fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani MIMI NINA HAKI, zinawafika magotini. Wageni walikuwa watano, kati yao mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, ambaye alionekana ndiye mkubwa wao. Sia alikaa safu ya pili. Urbanus alisimama na kipaza sauti, akitafsiri kila kifungu kwa Kiingereza chake cha kunyooka.

Watoto wakasema. Makofi. Bukuru akasema kwamba ana haki ya kuwa na jina. Makofi. Zamu ya Kaneza ikaja. Akapiga hatua moja mbele, mikono ubavuni.

"Kifungu cha tisa. Mtoto asitenganishwe na wazazi wake kinyume cha matakwa yao."

Walipiga makofi hayo! Mama mwenye mvi alitikisa kichwa kwa kuguswa. Mpiga picha akachuchumaa. Dainess alikuwa ameketi chini mbele ya watoto, kazi yake ni kuwakumbusha wakisahau. Mtoto hakuwa amesahau hata silabi moja. Aliyesahau ni ua mzima, wenye viti na wenye soda, na Dainess aliona kwamba akinyamaza sasa hivi atakuwa ametia alama ile kwa mara ya pili.

Akainuka, akapiga magoti mbele ya Kaneza, akasema naye kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida, wala hakunong'ona.

"Unajua ulichosema?"

Kaneza akatikisa kichwa kwamba hajui.

"Umesema ni vibaya kumtenga mtoto na mama yake. Umewaambia hawa wote, na wote wamekubali, si umewasikia wakipiga makofi?"

"Ego," alisema mtoto. Ndiyo. Akafikiri. "Mama yangu yuko wapi?"

"Yuko nje ya lile geti."

Urbanus alikuwa anatabasamu huku jicho limemtoka. "Dainess, kaa chini," alisema pembeni ya kipaza sauti, na spika zikayapeleka maneno hayo ua mzima.

Mtoto hakukimbia. Alitembea, katikati ya viti vya wageni, fulana inamburuza, akafika getini, akaweka viganja vyake viwili kwenye bati na kuita mara moja. Upande wa pili kukatoka sauti ambayo hata asiyejua Kirundi aliielewa. Mzee Pastory alimtazama Urbanus, akamtazama Sia, kisha akafanya kana kwamba hajaona yeyote. Akavuta komeo.

Sitaki kueleza walivyokutana. Wageni walieleza vya kutosha, tena kwa picha. Mama mwenye mvi alilia wazi wazi, akauliza kuna nini hapa, na Urbanus, mtu asiyechelewa kusoma upepo, akasema kwa Kiingereza kwamba huu ndio mpango wetu wa kuunganisha familia, tulitaka mwone kwa macho yenu. Kiingereza cha Dainess kilikuwa cha kuungaunga lakini hilo alilielewa lote. Akamwona bosi wake akichuchumaa kati ya mama na mtoto, mkono begani kwa Kaneza, anangoja picha. Fomu ikajazwa upya papo hapo, juu ya kiti cha plastiki, na safari hii hakuna aliyekumbuka kuuliza jina la ukoo. Miezi miwili ya uhakiki ilikwisha kwa dakika kumi kwa sababu mzungu amelia.

Saa tisa alasiri Dainess alipewa barua ya kusimamishwa kazi, kwa utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Muhuri ulikuwa bado mbichi.

Alhamisi alikwenda kuwaaga Spesiosa na mwanawe kwenye lori la Kasulu. Kaneza alikuwa amekalia magoti ya mama yake na hakutaka kushuka hata kwa kupeana mkono. Lori likiwa tayari linanguruma, Spesiosa aliinama ukingoni.

"Dada, Mungu akulipe. Lakini yule mama wa kitanda cha jirani hemani, bado yupo kule, hajapata nguvu. Anamwulizia binti yake kila siku. Binti ana pengo la meno, anasema. Anaitwa Bukuru."

Lori likaondoka. Dainess alibaki amesimama kwenye vumbi lake. Alianza kuhesabu. Fomu ya Bukuru nani aliitia alama? Yeye. Na wale mapacha wa pale Buzebazeba, waliotoka Rumonge? Karani mwenzake, Noel. Wote walitia alama, wote walikwenda kulala, na kila mama aliyechelewa kupata kadi kwa kuugua au kwa kuhamishwa haraka, mwanawe alibaki yatima kwenye karatasi. Alikuwa amepigania mmoja akadhani ndiye pekee.

Ijumaa saa kumi jioni alikuwa stesheni. Watoto tisa walikuwa wamepangwa mstari karibu na behewa, fulana zile zile za haki, na kila mmoja amebandikwa kikaratasi cha namba. Sia alikuwa na faili kwapani na tiketi mkononi.

"Wewe huna kazi hapa tena," alisema Sia.

"Ndiyo maana nimekuja, siogopi kufukuzwa." Akawageukia watoto. Aliuliza kwa Kirundi, kwa sauti iliyowafanya hata wapagazi wageuke: "Mtoto ambaye mama yake alishuka naye botini akiwa hai, ainue mkono."

Wakatazamana. Bukuru akainua kwanza. Kisha mapacha. Kisha mwingine, na mwingine, na mwingine. Mikono sita ikawa juu.

"Umewauliza nini?" alisema Sia, na Dainess akamwambia.

"Hawajui wanachosema. Ni watoto."

"Wiki nzima wamesema maneno wasiyoyajua, mkawapigia makofi! Leo ndiyo wanajua, ndiyo hamtaki kusikia? Mama wa Bukuru yuko hema la wagonjwa Kibirizi, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Nenda leo. Kama nimekudanganya nipeleke polisi, mimi hapa, nitakusubiri kwenye benchi lile. Lakini ukiwapakia hawa, madamu, usiseme tena habari ya yule msichana wa Ilagala. Maana yule aliibwa na mwizi, na hawa unawaiba wewe."

Sia alikunja uso kama aliyepigwa kibao. Aliitazama mikono ile. Gervasi, gadi wa treni, alifika na filimbi yake shingoni, akauliza, "Mama, wanapanda au hawapandi? Nina ratiba."

Sia akaanza kuzitenga tiketi, moja moja. "Sita hawapandi," alisema.

Wakati huo huo Gelasi, aliyekuwa ameshusha mikono muda wote, aliwatazama wenzake wakitolewa kwenye mstari. Hakuwa mjinga. Aliona kwamba anayeinua mkono hapandi. Akauinua wake, taratibu, kisha akaunyoosha kabisa, akasimama juu ya vidole vya miguu ili uonekane.

"Na huyu?" aliuliza Sia.

Dainess alijua habari za mama wa Gelasi. Alifia botini, wakamzika juu ya Kibirizi, na mtoto aliushika mkono wa Dainess hadi udongo ulipokwisha. Ile ya Gelasi ilikuwa alama ya kweli. Neno moja tu, ndiyo, na mtoto angebaki. Lakini kesho Sia angekwenda kuhakikisha, angekuta kaburi, na mikono yote sita ingekuwa ya uongo. Alilaani moyoni blanketi, akalaani fomu, akalaani kila kalamu aliyowahi kuishika.

"Huyu nilimwandika sawasawa," alisema. "Huyu hana."

Filimbi ikalia. Wale wawili wengine walipanda wenyewe. Gelasi hakuelewa Kiswahili, kwa hiyo hakujua amesemwa nini, aliendelea kungoja zamu yake ya kutolewa mstarini. Dainess alimbeba hadi mlangoni mwa behewa, akamkalisha dirishani, akashuka. Treni ilipoanza kusogea, mtoto alikuwa bado ameuinua mkono.